Skuli Zilifunguliwa, Maswali ya Wazazi Yakabaki Mlangoni

Wanachuo wenzangu, kuna maneno nimeyasikia mara nyingi hapa chuoni, hasa tukikaa sisi tunaosomea ualimu. Kwamba mwaka 2020, skuli zilipofunguliwa baada ya korona, wazazi wa shamba ndio waliochelewesha watoto kurudi. Ati hawakuelewa kitu. Ati walikuwa wanaamini kila sauti inayorushwa kwenye simu. Ati walishazoea kuwa na watoto nyumbani wa kuwasaidia kazi.

Mimi ni mtoto wa Nungwi, na maneno haya siyakubali. Sisemi kila mzazi aliyemzuia mtoto wake alikuwa sahihi. Nasema wazazi wengi waliosita walikuwa na maswali ya maana, hawakupata wa kuwajibu, na sisi tuliosoma tukakuita kusita kwao ujinga. Mzazi anayeuliza si mzazi anayekataa. Tukishindwa kutofautisha mambo hayo mawili, basi sisi tunaojiandaa kuwa walimu tutaenda kurudia yale yale likija janga jengine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili nisieleweke vibaya. Kufungua skuli lilikuwa jambo sahihi. Ningekuwa na kauli mwaka ule, ningesema zifunguliwe. Kasoro ilikuwa kwenye namna ya kufungua: amri ilitoka juu, tarehe ikatajwa, na mzazi akatakiwa amvishe mtoto sare ampeleke. Baina ya tarehe ile na mlango wa darasa palihitajika mazungumzo, na mazungumzo hayo hayakuwepo.

Tukumbushane mambo yalivyokwenda, maana miaka imepita na watu wanasahau. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku ya pili yake, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa skuli kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Vyuo vikafuata mara moja. Siku 30 zikaisha, na skuli zikabaki zimefungwa. Mwanzoni mwa Mei takwimu za wagonjwa zikaacha kutolewa. Hesabu iliyobaki kwenye kumbukumbu kwa zaidi ya mwaka mmoja ilikuwa ile ile: wagonjwa 509 na vifo 21, Bara na Visiwani kwa pamoja. Mapema Juni Rais John Magufuli akasema nchi imeondokewa na korona kwa sababu ya sala. Vyuo na kidato cha sita walikuwa wameshatangulia kurudi tarehe 1 Juni, na kwa upande wa Bara skuli zote zilizobaki zikafunguliwa 29 Juni. Huku kwetu Visiwani nako, baada ya wale wa kidato cha sita, madarasa mengine yakafuata.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama mwenye mtoto wa darasa la kwanza pale Nungwi. Mwezi Machi ameambiwa ugonjwa huu ni wa hatari kiasi cha kufunga kila skuli nchini. Mwezi Mei amenyimwa hesabu. Mwezi Juni ameambiwa umekwisha, mpeleke mtoto. Hakuna aliyemweleza nini kimebadilika baina ya Machi na Juni. Kwenye redio hiyo hiyo anasikia Kenya, nchi jirani, skuli bado zimefungwa, na mwezi Julai Waziri wa Elimu wa huko, George Magoha, anatangaza kuwa mwaka ule wa masomo umepotea na watoto watauanza upya. Mama huyu amsikilize nani? Nchi mbili zinapakana, bahari moja, upepo mmoja, mmoja anasema hatari, wa pili anasema salama. Akisita, kosa lake nini?

Mwaka ule nilikuwa kidato cha nne, nipo nyumbani kama wenzangu wote. Jirani yetu mmoja, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, alikuwa akiniita barazani kwake kwa sababu nilikuwa na simu. Aliniuliza, "Mwanangu, we uliye na simu hebu nambie, huu ugonjwa umekwisha kweli au umekwisha kutangazwa?" Nilimwambia, "Mama, mimi najua kama unavyojua wewe. Hesabu hazitolewi tena." Akasema, "Basi mimi sikatai skuli. Nataka mtu anijuze tu." Maneno yake, "umekwisha au umekwisha kutangazwa", nimeyabeba mpaka leo. Mwanamke huyu hakufika kidato cha pili, lakini swali lake lingetosha kuwa mada ya semina hapa Tunguu.

Na maswali ya wazazi hayakuwa ya aina moja. Mimi niliyasikia matatu makubwa.

La kwanza lilikuwa hilo la ugonjwa wenyewe, upo au haupo. La pili lilikuwa la skuli: watoto watakaa vipi? Sote tuliosoma skuli za serikali Unguja tunajua hali. Darasa limejaa, dawati la watu wawili wanakaa watatu au wanne, na skuli nyingi zinaingia kwa mikondo miwili, wa asubuhi wakitoka wa mchana wanaingia na kukalia viti vile vile vikiwa bado na joto. Mzazi ameambiwa na serikali hiyo hiyo kwamba watu wakae mbalimbali. Anaijua skuli ya mwanawe kwa sababu yeye mwenyewe alisoma hapo hapo. Akiuliza watakaa vipi mbalimbali, hilo si swali la mtu asiyeelewa. Ameelewa vizuri kabisa maagizo aliyopewa, na anaona hayatekelezeki.

Swali la tatu lilikuwa la bibi. Sisi hatukai nyumba za baba, mama na watoto wawili. Nyumba moja ina bibi, ina babu, ina shangazi, ina watoto wa ndugu. Tayari ilikuwa inajulikana kwamba korona huwatesa zaidi wazee na wenye maradhi kama sukari na presha, na watoto wengi ikiwapata huwapita kirahisi. Wataalamu wakalichukua jambo hilo kuwa habari njema: watoto hawaumwi sana, fungueni. Mzazi wa Nungwi aliliona kwa upande wa pili. Mtoto asiyeumwa anarudi saa saba mchana, anamrukia bibi yake mwenye sukari, wanakula sahani moja. Nani alikuja kumwambia afanye nini hapo? Hata neno moja tu, kwamba mtoto aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumwendea bibi, au bibi aletewe chakula chake pembeni kwa muda, lingemsaidia. Alichobaki nacho ni kupiga nyungu na kumuomba Mungu, na mimi simcheki, maana hakupewa jengine.

Juu ya yote hayo, kulikuwa na njaa. Nungwi ni mji wa majahazi na uvuvi, lakini kwa miaka mingi sasa ni mji wa watalii. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki tano. Mwaka 2020 wakaporomoka hadi laki mbili na sitini elfu hivi, na wengi wa hao walikuja kabla ya Machi au mwisho wa mwaka. Mahoteli yakafunga milango. Aliyekuwa mpishi, aliyekuwa mlinzi, anayeuza kanga na vinyago ufukweni, anayepeleka wageni Mnemba kwa boti, wote wakarudi nyumbani kwa mpigo mmoja. Waliojua bahari wakarudi baharini, na walipokuwa wengi bei ya samaki ikaanguka kwa sababu wanunuzi wakubwa walikuwa hayo mahoteli yenyewe. Skuli zinafunguliwa, mtoto amekua, viatu havimuingii, sare imembana. Elimu ya serikali Zanzibar ni bila malipo tangu ilipotangazwa 23 Septemba 1964, hilo tunalijua na tunalishukuru. Lakini viatu, madaftari na nauli havikutangazwa bure. Kuna wazazi waliosema "naogopa korona" kwa sababu ilikuwa na heshima zaidi kuliko kusema "sina". Na hao pia hakuna aliyekaa nao akawasikiliza.

Hapa ndipo lazima niseme upande wa pili, maana nisipousema nitakuwa nawadanganya. Kukaa nyumbani kuliwaumiza watoto, na kila wiki iliyoongezeka iliwaumiza zaidi.

Pale kwetu, mtoto wa kiume akikosa skuli hakai bure. Ufukwe unamuita. Anaanza kwa kubeba samaki kutoka kwenye ngalawa, anapewa visamaki viwili vitatu, baadaye anapewa hela, baadaye anachukuliwa dago, huko kambi za wavuvi, anakaa wiki nzima au mwezi. Mtoto wa miaka 11 aliyeshaonja kupokea elfu tano kwa mkono wake, kumrudisha kwenye kujifunza kugawanya kwa desimali ni kazi. Mtoto wa kike naye anageuka msaidizi wa nyumba, analea wadogo zake, anateka maji, na mkubwa kidogo anaanza kutajiwa posa. Haya hayakuletwa na korona, yalikuwepo. Lakini skuli ndiyo iliyokuwa ikiyazuia, na skuli ilikuwa imefungwa.

Wapo watakaosema masomo yaliendelea kwenye redio na televisheni. Ni kweli vipindi vilikuwepo, na Zanzibar si wageni wa jambo hilo. Tangu miaka ya 2000 tulikuwa na Tucheze Tujifunze, masomo ya redio kwa watoto wa maandalizi na madarasa ya mwanzo, na waliopitia wanakumbuka nyimbo zake mpaka leo. Lakini vipindi vile vilifanikiwa kwa sababu palikuwa na mtu mzima aliyekaa na watoto, anasimamisha, anarudia, anawachezesha. Redio iliyowekwa juu ya kabati, mama yuko jikoni na baba yuko baharini, haimfundishi kusoma mtoto wa darasa la kwanza. Mtoto anajifunza herufi kwa kuandika vibaya na kusahihishwa. Redio haimuoni anapokosea.

Wanaodhani kusubiri hakuna gharama waiangalie Uganda. Skuli zilifungwa Machi 2020, wakafungua kidogo kwa baadhi ya madarasa, wakafunga tena, na hazikufunguliwa zote mpaka 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili, hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kuliko hiyo. Watoto milioni 15 hivi. Mamlaka ya mipango ya nchi hiyo ilionya kabla ya kufungua kwamba karibu thuluthi ya wanafunzi huenda wasirudi kabisa. Majengo mengine ya skuli za watu binafsi yalikuwa yameshageuzwa biashara nyengine. Kenya nao walirudisha kwanza madarasa matatu tu tarehe 12 Oktoba 2020, waliobaki wakarudi Januari 2021, na watoto wa darasa la nane wakafanya mtihani wa mwisho Machi badala ya Novemba. Ilibidi kalenda ibanwe na likizo zifupishwe ili wafidie. Ukilinganisha na hao, sisi tulifungua mapema, na watoto wetu walipoteza miezi, hawakupoteza miaka. Kwa hilo, wallahi, nashukuru. Mtoto wa Nungwi aliyeanza darasa la kwanza Januari 2020 alimaliza darasa la sita mwaka 2025 kwa wakati wake.

Lakini kufika salama si ushahidi kwamba nahodha aliwaambia abiria ukweli. Na wapo ambao hawakufika. Kila anayetoka kijiji cha wavuvi anamjua mmoja au wawili waliokwenda dago mwaka ule na mpaka leo wako huko.

Najua pingamizi litakalokuja. Utaambiwa: serikali haiwezi kukaa na kila mzazi, na kama ingesubiri wote waridhike, skuli zisingefunguliwa mpaka leo. Sawa. Lakini mimi sisemi wangesubiri wote waridhike. Tazameni Denmark. Hao ndio waliokuwa wa kwanza Ulaya kurudisha watoto wadogo, tarehe 15 Aprili 2020. Ni nchi tajiri, hospitali zipo, maji yapo, madarasa yana nafasi. Na bado maelfu ya wazazi walijikusanya mitandaoni wakisema watoto wao si wa kufanyiwa majaribio. Kwa hiyo hofu ya mzazi haitokani na ushamba wala umasikini. Tofauti ni kwamba kule waliambiwa kwa undani watoto watapangwa vipi: vikundi vidogo visivyochanganyika, kunawa mikono mara kwa mara, masomo mengi nje ya darasa. Ufaransa walipofungua mwezi Mei waliweka kikomo cha watoto 15 kwa darasa, na wakamuachia mzazi aamue kwa wakati ule kama anampeleka mtoto au la. Wazazi wengine walimzuia mtoto mwanzoni, wakaangalia wenzao, wakaridhika, wakampeleka. Skuli hazikusubiri ridhaa ya kila mtu, ila mzazi alikuwa na taarifa mkononi ya kumsaidia kuamua.

Mtasema hatuna madarasa ya watoto 15. Kweli hatuna. Lakini kivuli cha mwembe tunacho, na sisi sote tumeshawahi kusomeshwa chini yake. Kufunga skuli kwa ajili ya maradhi pia si jambo geni kwetu. Mwaka 2016 kipindupindu kilipochachamaa Unguja na Pemba, skuli zilifungwa, na baada ya hapo zikafunguliwa. Tulikuwa na uzoefu wa karibu kabisa wa kutumia. Kipindupindu, ukizingatia maji na vyoo, mzazi anaweza kuuona usalama kwa macho: tangi lipo, sabuni ipo, choo kimesafishwa. Ugonjwa wa hewa hauonekani namna hiyo, ndiyo maana maelezo yalihitajika zaidi.

Basi mzazi alidai nini ambacho kingekuwa kigumu kupewa? Naona mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo.

Moja, ukweli wa hali ilivyo, hata kama ni mbaya. "Ugonjwa bado upo, tumeamua kufungua kwa sababu kadhaa" ni sentensi ambayo mtu mzima anaweza kuipokea. Ukimwambia umekwisha halafu akaona mazishi, hakuamini tena hata ukimwambia la kweli. Januari 2021, wakati skuli ziko wazi na hesabu bado hazitolewi, chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Tarehe 17 Februari akafariki, Mungu amrehemu. Kisiwa kizima kilijua. Fikiria mzazi aliyekuwa ameshatuliza moyo akampeleka mtoto, anaambiwa habari hiyo. Hofu yake yote ilirudi, na safari hii ikiwa na hasira ndani yake, maana aliona kwamba alipokuwa akiuliza alikuwa na haki ya kuuliza.

Mbili, mkutano wa wazazi skulini kabla ya watoto kurudi. Kila skuli ina kamati yake. Mwalimu mkuu, mtu wa kituo cha afya, sheha, wazazi wanakaa uwanjani kwa nafasi, wanauliza, wanajibiwa. Saa moja na nusu inatosha. Asiyejua jibu aseme sijui, atalitafuta. Skuli huita mkutano wa wazazi kwa ajili ya mahafali na kwa ajili ya matokeo. Ingeshindikana vipi kuuita kwa jambo la uhai?

Tatu, mzazi aoneshwe. Aingie ndani ya skuli aone ndoo ya maji tiririka iko wapi, sabuni iko nani anaisimamia, madirisha yanafunguka au yamepigiwa misumari. Wazazi wengi wa Nungwi ni mafundi: mtu anayejenga jahazi la futi 50 kwa macho na shoka, ukimuonesha dirisha lisilofunguka, kesho atakuja na nyundo. Ukimwacha nje ya geti atabaki mtu wa kulalamika tu.

Nne, utaratibu wa mtoto anayeumwa ujulikane. Akikohoa darasani atapelekwa wapi, nani atapigiwa simu, atakosa siku ngapi, na masomo yake atayafidia vipi bila ya kuadhibiwa. Mzazi asiyejua haya atafanya mojawapo ya mawili: atamficha mtoto nyumbani siku zote, au atampeleka skuli anaumwa ili asiandikwe mtoro. Yote mawili ni hatari, na yote mawili niliyaona.

Kuna jambo jengine ambalo linanifanya niamini kuwa wazazi waliona mbali. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, nchi ilipokea mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, kama ugonjwa ulivyokuja kuitwa rasmi. Zilikuwa shilingi trilioni 1.3, na Zanzibar ikapata bilioni 230. Pesa zile zilitumika kwa nini? Sehemu kubwa ilikwenda kwenye hospitali, maji na madarasa. Bara peke yake yalijengwa madarasa 15,000. Yaani serikali ilipopata pesa za korona ilijenga madarasa, kwa sababu msongamano ulikuwa tatizo la kweli. Lakini mwaka mmoja kabla, mama wa Nungwi aliyeuliza "watakaa vipi?" alionekana mkorofi. Swali lake lilikuwa lile lile ambalo baadaye lilijibiwa kwa saruji na mabati. Aliuliza mapema tu.

Sasa hili linatuhusu nini sisi tuliopo chuoni leo? Linatuhusu sana. Wengi wetu tunasomea ualimu, wengine afya, wengine uongozi wa serikali za mitaa. Tukimaliza tutapangiwa Kaskazini A, Kusini, Micheweni, na wengine tutarudi vijiji vile vile tulivyotoka. Magonjwa hayajamalizika. Kipindupindu huja na mvua za masika, na ugonjwa mpya hautatutumia barua kabla haujafika. Siku moja skuli zitafungwa tena kwa sababu moja au nyengine, na zitafunguliwa tena, na mzazi atasimama getini amemshika mtoto mkono, haingii wala haondoki. Atakayekuwa upande wa pili wa geti ni mmoja wetu.

Kwenye mitaala yetu tunafundishwa saikolojia ya mtoto, upimaji, mbinu za kufundishia. Kuzungumza na mzazi mwenye hofu hatufundishwi popote, ni jambo linaloachiwa bahati na tabia ya mtu. Mimi napendekeza umoja wetu wa wanafunzi ulichukue hili. Tuombe liwe hata mada mbili tatu ndani ya kozi ya jamii na elimu. Na tunapokwenda mazoezi ya kufundisha, kila mmoja ahudhurie angalau mkutano mmoja wa kamati ya skuli, akae nyuma, asikilize wazazi wanauliza nini na wanajibiwa vipi. Atajifunza mambo ambayo mhadhara hauwezi kumpa.

Na kabla ya hapo, tuanze na ulimi wetu wenyewe. Neno "hawaelewi" ni jepesi sana mdomoni mwa msomi. Linatupumzisha na kazi ya kueleza. Wazazi wetu ndio waliopanda gari ya 116 kuja mjini kutufuatia vyeti, ndio waliouza dhahabu na nyavu ili sisi tukae hapa Tunguu tunaandika makala. Watu wa namna hiyo hawawezi kuwa maadui wa elimu. Waliposita mwaka 2020 walikuwa wanafanya kile ambacho sisi tunafundishwa darasani kila siku: kutokubali jambo mpaka uone ushahidi. Siku nyengine wakituuliza, tuwe na la kuwajibu.